Injini Ndogo Isiyosafiri

Mtu akifika katika steshini ya gari la moshi, macho yake hutafuta injini kubwa, ile itakayovuta mabehewa ya abiria mpaka mji wa mbali. Watoto huikimbilia, wazee huitazama kwa heshima, na dereva wake hukaa dirishani kama nahodha wa jahazi. Lakini kando ya steshini, katika uwanja wenye reli nyingi zilizoachana kama vidole vya mkono, huwako injini nyingine, ndogo, iliyojaa mafuta na vumbi. Hiyo huenda hatua mia mbele, ikarudi hatua mia nyuma, ikasukuma behewa moja huku na kuvuta mawili kule. Kutwa nzima haitoki uwanjani, wala hakuna abiria aitazamaye.

Leo twataka kuzungumza habari za injini hiyo ndogo, na habari za watu wa Marekani na Uingereza ambao huipenda kuliko ile kubwa. Watu hao hutengeneza mifano midogo ya reli na ya magari ya moshi katika nyumba zao, nao wakikutana hubishana sana: ni injini gani ya uwanjani iliyo bora kuliko zote? Mtu aweza kudhani kwamba huo ni mchezo wa watoto tu. Lakini tukiyasikiliza maneno yao vizuri, tutaona kwamba ndani yake mna habari za ufundi, za kazi, na za maisha ya watu.

Kwanza tuieleze mifano yenyewe. Kipimo kinachotumiwa zaidi Marekani hugawanya urefu wa kila kitu kwa 87. Basi mtu mwenye kimo cha sentimeta 174 huwa na sentimeta 2 tu. Reli za Marekani zina nafasi ya milimeta 1,435 baina ya reli moja na mwenziwe. Katika mfano nafasi hiyo huwa milimeta 16.5, pungufu ya upana wa kidole gumba cha mtu mzima. Waingereza wengi hutumia reli za nafasi hiyohiyo, lakini injini zao huzifanya kubwa kidogo, maana wao hugawanya kwa 76. Ndani ya kila injini mna mota ndogo, nayo hupata umeme kutoka katika reli kwa njia ya magurudumu. Mwaka 1935 wapenzi wa mifano hii walikutana katika mji wa Milwaukee, Marekani, wakaunda chama cha nchi nzima, ili wapatane juu ya vipimo, hata behewa lililofanywa na fundi mmoja liweze kupita katika reli za fundi mwingine.

Sasa, kwa nini watu hao waipende injini ndogo? Sababu ya kwanza ni nafasi. Gari refu la abiria lataka njia ndefu na kona pana, hata katika mfano. Na wapenzi wengi hawana chumba kikubwa. Walakini uwanja mdogo wenye reli tatu au nne huweza kutengenezwa juu ya ubao mmoja na kuwekwa juu ya kabati. Sababu ya pili ndiyo kubwa zaidi: kazi ya uwanjani yataka akili. Gari la abiria likizunguka chumba mara ishirini, mwenyewe huchoka kulitazama. Lakini kupanga mabehewa ni fumbo ambalo kila siku hugeuka.

Ili tufahamu fumbo hilo, tufikiri habari za ghala jembamba lenye mlango mmoja. Gunia lililoingizwa kwanza limesukumwa mpaka ukutani, na gunia lililoingizwa mwisho liko mlangoni. Ukilitaka lile la ukutani, huna budi kuyatoa yote yaliyo mbele yake. Njia ya reli iliyofungwa upande mmoja ni kama ghala hiyo. Tena ni ngumu zaidi, kwa kuwa behewa halichukuliwi begani. Lazima livutwe au lisukumwe na injini.

Tuchukue mfano mwepesi. Katika uwanja wetu mna njia tatu, na zote mlango wake uko upande mmoja. Katika njia ya kwanza yamesimama mabehewa matatu: la mbao liko mwisho kabisa, la mafuta liko katikati, na la unga liko mlangoni. Kesho kiwanda cha mbao ndicho kitakachofikiwa kwanza, kwa hiyo yatakiwa behewa la mbao liwe mlangoni, na la unga liwe mwisho. Injini itafanyaje? Yaingia, yayashika yote matatu, yayatoa nje. Halafu yayasukuma katika njia ya pili na kuliacha huko behewa la mbao, kwa sababu ndilo lililo mbali na injini. Yatoka na mawili yaliyosalia, yaingia njia ya tatu, yaliacha behewa la mafuta. Yarudi na la unga peke yake, yalisukuma mpaka mwisho wa njia ya kwanza. Kisha yaenda kulitwaa la mafuta na kulileta karibu na la unga. Mwisho yalitwaa la mbao na kuliweka mlangoni. Kwa mabehewa matatu tu, injini imeingia katika njia hizo mara nane. Basi fikirini uwanja wenye mabehewa mia mbili, usiku, katika mvua.

Kwa kuwa kazi yake ndiyo hiyo, injini ya uwanjani haikuumbwa kama injini ya safari. Chuma juu ya chuma huteleza. Ili gurudumu lishike reli, lazima liwe na uzito juu yake. Injini ya mvuke iendayo mbio ina magurudumu madogo mbele, ya kuiongoza katika kona. Magurudumu hayo hubeba sehemu ya uzito lakini hayavuti kitu. Injini ya uwanjani haina haja nayo, kwani haiendi mbio. Magurudumu yake yote huvuta, na uzito wake wote huzaa nguvu. Tena magurudumu hayo yamekaa karibu karibu, ili iweze kupita katika kona kali za viwandani. Na dereva wake lazima aone mbele na nyuma sawasawa, maana nusu ya kazi yake ni kurudi nyuma. Ndiyo sababu injini nyingi za mvuke za uwanjani huko Marekani zilivuta gari la maji na makaa lenye mgongo uliolala chini kwa nyuma, ili macho ya dereva yasizuiwe.

Sasa twaweza kuyasikiliza mabishano yao. Wahenga walisema, ukipenda chongo huita kengeza. Na kila mmoja wa watu hawa huona uzuri hata katika kasoro za injini yake.

Wapenzi wa mvuke Uingereza wengi huitaja injini ya shirika la Great Western, aina ya 5700. Injini hiyo ina magurudumu sita, nayo haivuti gari la maji nyuma yake. Maji yake imo ndani ya matangi mawili yaliyoning'inia pande mbili za boila, mfano wa shogi juu ya mgongo wa punda; na kweli hata jina lake katika Kiingereza ni la shogi. Kwa kuwa matangi hayo hayafiki chini, fundi aliweza kuinama na kutia mafuta katika vyuma vya ndani bila taabu. Injini 863 za aina hiyo zilitengenezwa baina ya mwaka 1929 na mwaka 1950. Baadhi yake ziliuzwa kwa shirika la usafiri la mji wa London, zikafanya kazi huko mpaka mwaka 1971, miaka mitatu baada ya mvuke kukoma katika njia kuu za Uingereza. Wapenzi wake husema: hii ndiyo injini isiyokuwa na majivuno, nayo imewazika nyingi zilizokuwa kubwa kuliko yeye.

Wapenzi wa mvuke wa Marekani hujibu kwa kuitaja injini ya magurudumu sita iliyochorwa wakati wa Vita Kuu ya kwanza. Mwezi wa Desemba 1917 serikali ya Marekani ilizishika reli za nchi, kwa sababu mizigo ya vita ilikuwa imekwama viwanjani. Mafundi wake wakatoa michoro ya namna chache za injini, ili viwanda vyote vitengeneze kwa kipimo kimoja. Injini 255 za uwanjani zilitengenezwa kwa mchoro huo wa magurudumu sita, na baada ya vita mashirika mengine yakauiga. Basi mtu anayetengeneza mfano wa reli ya mji wo wote wa Marekani wa miaka ile aweza kuitumia injini hiyo bila kukosea sana.

Lakini wako wasiotaka kusikia habari za makaa. Hao hupenda injini za dizeli, nazo ndizo zilizoshinda. Tueleze sababu. Injini ya mvuke, hata ikiwa imesimama ikingoja kazi, moto wake huwaka na makaa huliwa. Asubuhi yataka saa nyingi mpaka maji yachemke. Yataka maji safi, yataka kutolewa majivu. Injini ya dizeli huwashwa kwa muda mfupi. Mashine yake huzungusha mtambo wa kufanyiza umeme, na umeme huo huzungusha mota zilizo katika magurudumu. Mota za umeme zina nguvu nyingi wakati wa kuanza kuondoka, na kazi ya uwanjani ni kuanza na kusimama, kuanza na kusimama, tangu asubuhi hata jioni. Kwa hiyo katika mashirika mengi ya Marekani dizeli iliingia uwanjani kwanza, kabla ya kwenda safari ndefu.

Hapa wapenzi wa Marekani hugawanyika makundi mawili. Kundi moja husifu injini iitwayo NW2, yenye nguvu za farasi 1,000, iliyotengenezwa tangu mwaka 1939 mpaka mwaka 1949. Kundi la pili husifu S-2, iliyotengenezwa na kiwanda cha Alco katika mji wa Schenectady, tangu mwaka 1940 mpaka mwaka 1950. Nayo pia ina nguvu za farasi 1,000. Ukizitazama kwa mbali utadhani ni ndugu: kila moja ina chumba cha dereva upande mmoja na mwili mrefu mwembamba mbele yake. Lakini mashine ya NW2 ina silinda 12, na ya S-2 ina silinda 6, basi sauti zao ni mbalimbali, kama sauti za ngoma mbili. Mtu aliyekua karibu na uwanja wa reli huzitambua akiwa kitandani. Kiwanda cha Alco kiliacha kutengeneza injini mwaka 1969, na hilo limezidisha mapenzi ya wafuasi wake, maana aliyekufa husifiwa.

Waingereza nao wana dizeli yao, aina ya 08. Injini 996 za aina hiyo zilitengenezwa tangu mwaka 1952 mpaka mwaka 1962. Nguvu zake ni za farasi 350 tu, na mwendo wake hauzidi maili 20 kwa saa. Mtu mwenye baisikeli nzuri aweza kuipita. Hata hivyo chache zingali zikifanya kazi hata sasa, baada ya miaka zaidi ya sitini. Magurudumu yake sita yameunganishwa kwa vyuma virefu vya nje, kama vya injini za mvuke, navyo hupanda na kushuka inapokwenda. Wapenzi wengi wa mifano husema kwamba kuvitazama vyuma hivyo vikienda polepole ni raha iliyo sawa na kutazama moto jikoni.

Katika mabishano haya yako pia maneno ya huzuni. Iko injini ndogo ya Marekani ambayo jina lake ni uzito wake: injini ya tani 44. Kwa nini 44, wala si 45 wala 50? Jibu halimo katika ufundi. Mwaka 1937 mashirika ya reli na wafanyakazi walipatana kwamba injini yenye uzito wa ratili 90,000 au zaidi lazima iwe na watu wawili ndani, dereva na mtia makaa, hata kama ni ya dizeli isiyo na makaa ya kutiwa. Tani ya Marekani ni ratili 2,000. Tani 44 ni ratili 88,000. Basi viwanda vikaunda injini iliyo chini kidogo ya mpaka, ili dereva aiendeshe peke yake. Kampuni ya General Electric ilitengeneza injini za namna hiyo tangu mwaka 1940 mpaka mwaka 1956, zenye chumba cha dereva katikati na mashine mbili, moja mbele na moja nyuma.

Wapenzi wa mifano huipenda sana, maana ni fupi na yafaa penye nafasi ndogo. Sisi tukiitazama twaona jambo jingine pia. Ratili zile 2,000 zilizopunguzwa zilikuwa mshahara wa mtu mmoja. Shirika dogo lililokuwa na fedha kidogo lilipata nafuu, na huenda reli yake isingaliweza kudumu bila nafuu hiyo. Mtia makaa naye alikosa kazi. Mambo yote mawili yamo ndani ya mfano ule mdogo, nao waweza kuukalisha katika kiganja cha mkono wako.

Tena kiko kitu kidogo zaidi chenye habari kubwa zaidi, nacho ni kiungio, kile chuma kinachoshika behewa na behewa. Zamani huko Marekani mabehewa yaliungwa kwa pete ya chuma na msumari mnene. Mfanyakazi alisimama baina ya mabehewa mawili, moja limetulia na moja linakuja, akaiongoza pete kwa mkono wake na kutia msumari. Akichelewa kidogo, vidole vilikatwa, akiteleza, alikufa. Mkono usio na vidole ulikuwa alama ya mtu aliyefanya kazi ya uwanjani. Ndipo Eli Janney, aliyekuwa karani wa duka la nguo katika jimbo la Virginia, akabuni kiungio kilicho kama mikono miwili iliyokunjwa vidole: mabehewa yakigusana, hushikana yenyewe. Alipata hati ya kulinda ubunifu wake mwaka 1873. Lakini mashirika hayakukitumia upesi, kwa kuwa kilikuwa na gharama. Ilipasa itungwe sheria mwaka 1893 ya kuwalazimisha, nayo ikapata nguvu kamili mwaka 1900.

Leo mpenzi wa mifano ana viungio vya namna hiyo vilivyo vidogo kama mbegu ya mpunga. Hushikana vyenyewe, na huachana kwa sumaku iliyofichwa chini ya reli, au kwa kuchokolewa na kijiti chembamba. Mtu akikosea mara tatu kuviachanisha, mezani mwake, penye taa nzuri, bila baridi na bila hatari, hufahamu kidogo jinsi ilivyokuwa kwa wale waliofanya hivyo kwa mikono yao.

Yafaa tuseme pia kwamba injini ndogo ina shida yake katika mifano. Umeme hupita kutoka reli hadi gurudumu. Injini kubwa ina magurudumu mengi. Moja likikanyaga vumbi, mengine huendelea kupokea umeme. Injini ndogo ina magurudumu manne au sita tu, na chembe moja ya uchafu huisimamisha kabisa, papo hapo, mara nyingi mbele ya wageni. Tena yatakiwa iende polepole kama konokono, maana behewa halisi la tani nyingi halipigwi kikumbo. Na mwendo wa polepole ndio mgumu kwa mota ndogo. Kwa hiyo mafundi hutia vipande vya risasi ndani ya injini ili iwe nzito, husafisha reli na magurudumu mara kwa mara, na wengine huweka ndani yake kifaa cha kulimbika umeme kidogo, ili ivuke mahali pachafu. Tangu miaka ya 1990 vimekuwako vipimo vya kupeleka amri kwa kila injini peke yake katika reli hizohizo, hata injini mbili zikasimama pamoja, moja ikaenda na ya pili ikatulia. Lakini ufundi wote huo hausaidii kitu mwenyewe akiwa na pupa. Haraka haraka haina baraka, na mezani pa reli methali hii huonekana kwa macho.

Wako waliojulikana sana kwa michezo hii. Katika mji wa Monterey, jimbo la California, alikaa John Allen, aliyejenga mfano wa reli wa ajabu, wenye milima na madaraja. Yeye alibuni mchezo wa kupanga mabehewa kwa kushindana na saa, ukachapishwa mwaka 1972. Tena alipenda mzaha. Katika reli yake alimweka mnyama mmoja wa zamani za kale, mwenye mabamba mgongoni, aina iliyokwisha duniani mamilioni ya miaka iliyopita, akampa namba 13 na jina la Emma, akasema huyo naye ni injini ya uwanjani. Allen alifariki mwezi wa Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukaiteketeza sehemu kubwa ya reli yake. Lakini mchezo wake haukuungua, kwa kuwa ulikuwa umekwisha kupewa watu.

Mwingereza Alan Wright naye alibuni mchezo mwingine, ambao ninyi wanafunzi mwaweza kuucheza leo bila kununua kitu. Tafuteni visanduku vinane vya viberiti viwe mabehewa, mviandike namba 1 mpaka 8. Jiwe liwe injini. Chini kwenye udongo chorani njia tatu zinazokutana mahali pamoja: moja yenye nafasi ya visanduku vitano, na mbili zenye nafasi ya visanduku vitatu kila moja. Kutoka pale zinapokutana, chorani njia moja fupi upande wa pili, yenye nafasi ya jiwe na visanduku vitatu tu. Pangeni vitano katika njia ndefu, na vitatu katika njia moja fupi. Kisha andikeni namba katika vikaratasi, mvichanganye, mchague vitano bila kutazama. Vile vitano vilivyochaguliwa lazima visimame katika njia ndefu, kwa taratibu ileile vilivyotoka. Sharti ni hili: kisanduku hakiinuliwi, huvutwa au husukumwa na jiwe, kutoka mlangoni tu.

Mtaona kwamba ni vigumu kuliko mlivyodhani. Kwa maana njia za kupanga vitano katika vinane ni hivi: kwa nafasi ya kwanza kuna namba 8 za kuchagua, kwa ya pili 7, kwa ya tatu 6, kwa ya nne 5, kwa ya tano 4. Zidisheni, mtapata 6,720. Mtu akicheza kila siku mara moja bila kurudia, itampasa kucheza zaidi ya miaka 18. Na yote haya ni katika ubao mmoja mfupi, kwa injini moja isiyokwenda mahali.

Hatuna budi kuuliza sasa: mapenzi haya yana faida gani? Kazi ya kupanga mabehewa mojamoja imepungua sana katika nchi zile. Mizigo mingi husafiri katika makasha makubwa, au katika gari zima lenye mzigo wa namna moja, toka mgodini mpaka bandarini, bila kupangwa njiani. Uingereza, mwaka 1991, shirika la reli liliikomesha huduma yake kubwa ya kuchukua mabehewa machache machache kwa wateja wadogo. Viwanja vingi vimeota majani. Wanaume waliojua kuisoma sauti ya kiungio gizani wamezeeka au wamekufa. Mtoto wa leo akitaka kujua kazi yao ilikuwaje, kitabu kitamwambia kidogo. Lakini babu mwenye ubao wa futi tano na injini ya S-2 aweza kumwonyesha. Atamwambia, "Simama. Fikiri. Kwanza utaliweka wapi hili la katikati?" Na mtoto atajifunza kwa mkono wake.

Kwetu Afrika Mashariki pia reli zina umri mkubwa. Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika ziwa la Viktoria mwaka 1901, na tangu siku zile pamba, kahawa na mkonge havikuweza kufika bandarini bila mtu wa kupanga mabehewa. Katika mji wa Nairobi yako Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, ambamo injini za zamani zimehifadhiwa. Atakayepata nafasi ya kuyazuru asiishie kwenye injini kubwa tu. Na aliye na mzee aliyefanya kazi uwanjani, akamwulize leo, wala asingoje.

Katika mabishano ya watu wa mifano hapajapatikana mshindi, wala hatudhani kwamba atapatikana. Kila mmoja ameshika ile aliyoisikia utotoni, au ile aliyoifanyia kazi baba yake. Lakini katika jambo moja wote wamepatana: gari kubwa haliondoki steshini kwa fahari mpaka kwanza kuwe na injini ndogo iliyolipanga usiku. Basi mtakapokuwa steshini mara nyingine, mkiwa mmekwisha kuitazama injini ya safari, geukeni kidogo, mtazame upande wa uwanjani.